Mboga ni Ngao, si Tiba

Jirani yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa na mstafeli uani kwake. Alipohisi kijiuvimbe kwenye titi la kushoto, kigumu mithili ya punje ya njugu mawe, hakumwambia mtu. Hakikumuuma, naye akadhani kisichouma hakidhuru. Alikuwa amesikia kwamba majani ya mstafeli yanaua saratani, basi akawa anayachuma, anayachemsha, anakunywa kutwa mara tatu. Akanywa miezi tisa. Siku alipokubali kuwaonyesha wanawe, ngozi ya titi ilikwisha kufanya vishimo kama ganda la chungwa, na kwapani mlikuwa na matezi. Hospitali ilimpokea, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatembea mwilini. Mwaka haukugeuka tukamzika.

Ndugu msomaji, nimeanza na msiba huo kwa sababu habari za mboga, matunda na saratani ya titi sasa zimo katika kila kinywa, na watu wamegawanyika makundi mawili, yote yamepotea njia. Wapo wanaodharau mboga, kwao ni chakula cha mwisho wa mwezi. Wapo wanaozitukuza hata wakazifanya daktari. Kwa wote nasema: mboga na matunda ni ngao. Mwenye ngao na aishike vizuri. Lakini aliyekwisha kuchomwa mkuki na akimbilie kwa anayejua kuutoa.

Nianze na wenye kudharau. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 180,000 huko Marekani, kwa miaka zaidi ya 20, wakiulizwa mara kwa mara wanachokula. Waliokula zaidi ya vipimo vitano na nusu vya mboga na matunda kwa siku walipata saratani ya titi pungufu kwa asilimia 11 kuliko waliokula viwili na nusu au chini yake. Yaani pale walipougua wanawake 100 miongoni mwa walaji wachache, kwa idadi hiyohiyo ya walaji wengi waliugua 89. Jamii ya kabichi na mboga za rangi ya manjano ndizo zilizoonekana kufaa zaidi. Kumi na mmoja si wengi, atasema mtu. Namjibu: waulize watoto wa hao kumi na mmoja.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa chakula chetu ni kama chungwa moja, ndizi mbivu moja na kikombe cha mchicha uliopikwa. Nani asiyeweza? Lakini pita genge lolote la Dar es Salaam jioni uone. Mama kayafunika matembele yake kwa gunia bichi yasinyauke, anapepea nzi, anasubiri mteja. Hatua tano kutoka kwake, kibanda cha chipsi kina foleni hadi barabarani. Tunaiacha ngao chini ya gunia na kupanga foleni kwenye mafuta!

Bibi zetu walipotwanga kisamvu wakakiunga kwa nazi walipatia. Viini vya rangi vilivyomo katika majani ya kijani, karoti na maboga hufyonzwa vizuri mwilini vikipata mafuta kidogo. Tusiione haya sufuria ya bibi.

Sasa nije kwa wenye kutukuza. Huko huko Marekani, wanawake wapatao 3,000 waliokwisha kutibiwa saratani ya titi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihimizwa kula mboga na matunda kwa wingi sana, jingine likapewa ushauri wa kawaida. Baada ya miaka saba hivi, matokeo yakatangazwa mwaka 2007: ugonjwa uliwarudia sawasawa. Ikiwa mboga nyingi hazikumwongezea kinga hata aliyekwisha kutibiwa, zitamponyaje ambaye hajatibiwa kabisa? Na hayo majani ya mstafeli, hakuna utafiti kwa binadamu uliothibitisha kwamba yanaponya saratani.

Wala ngao si moja. Pombe huongeza hatari, hata ya kiasi. Unene baada ya kukoma hedhi huongeza hatari. Kunyonyesha huipunguza, na kila mwaka mama anaonyonyesha una faida yake. Mwenye kula mchicha mchana na kukesha na chupa usiku anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Uvimbe hata usiouma, chuchu iliyoingia ndani, majimaji au damu kutoka kwenye chuchu, ngozi iliyokunjamana: hizo ni habari za kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke aliyefika na dalili ajulishwe ugonjwa wake ndani ya siku 60. Jirani yangu alipoteza 270 jikoni. Nanyi akina baba, msiwe ukuta kati ya wake zenu na daktari. Toeni nauli, wasindikizeni. Mkishaambiwa matokeo, msikimbie.

Mstafeli wa jirani yangu bado unazaa. Wanawe hutuletea matunda, nasi tunayala kwa shukrani, maana ni matunda mazuri na tuyale. Lakini mwaka jana binti yake mkubwa alipopapasa akakuta kitu kigeni kwenye titi, hakuutazama ule mti. Alijifunga khanga, akamwachia dada yake watoto, akapanda daladala asubuhi ileile kwenda hospitali. Nawe, dada yangu, mama yangu, fanya vivyo hivyo.