USILETE DAWA ZAKO MADHABAHUNI

Leo nasema na wewe, na pia na wachungaji wenzangu. Wakikasirika, sawa tu.

Tumesikia mahubiri haya: dawa za msongo wa mawazo zinaua ini, zileteni mbele tuzikanyage. Ni kweli, iko iliyoua. Kule Marekani nefazodone, iliyouzwa kwa jina la Serzone, iliharibu maini ya watu. Wengine walikufa, wengine wakawekewa ini jipya. Mwaka wa 2002 ikawekewa onyo kali kabisa, na bado kampuni ikaendelea kuiuza huko hadi 2004. Hilo nalikemea.

Lakini hiyo ni dawa moja, na hata kwake madhara hayo yalikuwa nadra. Wewe mtumishi unachukua kisa chake, unamnyang'anya dada yetu dawa nyingine kabisa. Akiacha ghafla, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi unapotea, na ile huzuni inarudi. Halafu unasema ni pepo! Siku ukiitwa kumzika, utahubiri nini?

Mpendwa, ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekolea kama chai isiyo na maziwa, tumbo linauma upande wa kulia juu, usingoje Jumapili. Nenda hospitali leo na pakiti ya dawa mkononi. Mwambie daktari kila kitu, hata ile pombe unayonificha mimi, kwa sababu dawa kama duloxetine na pombe nyingi ni hatari kwa ini. Nitakuombea ukiwa kwenye foleni.