Miezi Yetu Tuiandike Wenyewe



Watumishi wa umma wa hapa Kombewa hununua samaki katika soko moja, lakini malipo yao ya uzeeni hayakai mahali pamoja. Mwalimu yuko chini ya Tume ya Kuajiri Walimu. Muuguzi aliyeajiriwa na Wizara ya Afya, kisha akakabidhiwa kaunti baada ya 2013, miaka yake imegawanyika kati ya mafaili ya Nairobi na ya Kisumu. Karani aliyeanzia baraza la zamani yumo LAPTRUST, iliyoanza 1929, au LAPFUND, iliyoanza 1960. Tena tangu Januari 1, 2021 kuna mfuko mpya wa watumishi wa serikali kuu na walimu. Walio chini ya miaka 45 waliingizwa kwa sheria. Waliobaki wakaachiwa kuchagua.

Mwulize mwenzako yumo mfuko gani. Wengi hujibu, "Wananikata tu."

Jibu hilo ni la hatari. Kwa sheria ya zamani ya pensheni, kila mwezi wa kazi huhesabiwa kuwa sehemu moja katika 480 ya mshahara wa mwisho. Aliyefanya kazi miezi 360 na kumaliza na shilingi 40,000 anastahili 30,000 kwa mwezi, kabla ya kuchukua mkupuo. Faili likikosa miezi 24, atapata 28,000. Hizo ni shilingi 2,000 kila mwezi mpaka kufa kwake, na huenda hakuna aliyeiba: barua moja tu haikuonekana. Na faili likionyesha kazi isiyotimia miaka 10, hapati pensheni ya kila mwezi.

Katika mfuko mpya mfanya kazi hukatwa 7.5 kwa mia ya mshahara wa msingi, na serikali hutia 15 kwa mia. Kwa mshahara wa 40,000, hizo ni 3,000 zako na 6,000 za mwajiri. Lakini karatasi ya mshahara huonyesha kilichokatwa, haionyeshi kilichofika. Fedha iliyolala kwa mwajiri haikuzalii faida. Madeni ya kaunti zetu kwa mifuko ya uzeeni, mengine yakiwa yamerithiwa kutoka mabaraza ya zamani, yanahesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Mabilioni hayo husomwa magazetini. Mwezi wako uliokosekana hausomwi popote.

Kwa hiyo tunataka kila tawi liwe na daftari lake. Mjumbe wa kila mahali pa kazi aandike: mwezi ulioajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini kama unayo, vituo ulivyopitia, mfuko uliomo, na mwezi wa mwisho ambao taarifa ya mfuko inakiri kupokea fedha. Taarifa hiyo ni haki yako kila mwaka, iombe.

Wako watakaosema kazi hiyo ni ya serikali. Ni kweli. Lakini mtu mmoja akilalamika huambiwa arudi wiki ijayo. Watu kumi wa hospitali moja wakionyesha wote mwezi ule ule haukupelekwa, hilo si kosa la faili tena, na chama kinaweza kulipeleka kwa mwajiri, na akikaidi, kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu iliyowekwa na sheria ya 1997.

Majina hayatatoka katika karatasi hii. Sheria ya 2019 inalinda habari za mtu, nasi pia hatutaki mshahara wa mtu uzungumzwe matatuni. Tutachapa hesabu tu: mahali pa kazi, idadi ya watu, miezi iliyokosekana. Matawi mengine yapewe hesabu hizo, nayo yatupe zao.

Waliostaafu nao waje. Waje pia wajane, kwa maana wengi wao huachiwa mfuko wa plastiki uliojaa barua na hawajui wabishe mlango gani. Daftari litafunguliwa siku ya mkutano wa tawi. Njoo na barua yako ya kuajiriwa, hata kama imeliwa na mchwa pembeni.