Wajibu wa Jana na Maneno Madogo

Lugha ina maneno makubwa yanayosifiwa na maneno madogo yanayodharauliwa. Lakini mara nyingi ni maneno madogo yanayomwokoa mtu au kumtia hatiani. Mwanafunzi asemaye kuwa “had to” na “was supposed to” ni mamoja, kwa kuwa yote mawili yaeleza wajibu wa wakati uliopita, hajui hatari aliyoishika mkononi.

Tazama mji wa Ruiru, ambao jina lake wakulima wa kahawa walijua kwa aina ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985. Tuseme ghala la kahawa huko limekutwa wazi asubuhi, na magunia hayamo. Mlinzi aambiwa aandike maelezo kwa Kiingereza. Akiandika “I had to lock the door,” msomaji ataelewa kuwa alilazimika kuufunga mlango, na kwamba aliufunga. Akiandika “I was supposed to lock the door,” ataeleweka kuwa kufunga kulikuwa kazi yake, na yamkini hakuifanya. Sentensi ya kwanza yamtetea. Ya pili yamshtaki, na mshtaki ni yeye mwenyewe.

Nenda Thika, uone mpangaji akimwandikia mwenye nyumba. “I had to pay” ni habari ya fedha zilizotoka mfukoni. “I was supposed to pay” ni mlango wa swali: mbona basi hukulipa? Na akiandika “I ought to have paid,” hakuna tena haja ya swali, maana amekiri kuwa deni halikulipwa.

Wako watu wasemao kwamba mwanafunzi akitaka kujua Kiingereza, sharti akiache Kiswahili nje ya mlango wa darasa. Wengine hata humwadhibu kwa kukitamka. Shauri hilo si jema, wala si la haki. Kijana wa Thika asemaye Kigikuyu au Kikamba nyumbani, na Kiswahili sokoni, anaijua tofauti hii kabla hajafungua kitabu. Asemapo “ilinibidi niende,” wenziwe wajua kuwa alikwenda. Asemapo “nilitakiwa niende,” wangoja kusikia kilichomzuia. Asemapo “ilinipasa niende, nami sikwenda,” wasikia majuto. Kumkataza asiitumie akiba hiyo ni kumnyang'anya mtu taa yake, kisha kumlaumu kwa kujikwaa gizani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha hizo mbili zaweza kukaa katika ofisi moja. Kwa nini zisikae katika darasa moja?

Hata hivyo, msomaji, usidhani kuwa Kiswahili kitakufanyia kazi yote. Kitakupa maana, umbo la Kiingereza ni juu yako kujifunza. Neno “must” halina umbo lake la kueleza lazima ya jana katika sentensi ya kawaida, kwa hiyo Waingereza huazima “had to.” Neno “ought” asili yake ni wakati uliopita wa “owe,” yaani kuwiwa, basi wajibu katika lugha yao ulianza kama deni.

Jihadhari pia na “to.” Baada ya “had,” “supposed” na “obliged,” hufuatwa na kitenzi kitupu: “obliged to pay.” Lakini katika “committed to” ni kihusishi halisi, na kitenzi kinachofuata huvaa mkia: “committed to paying.” Ndivyo ilivyo kwa “responsible for locking.” Tena usiandike “suppose to” kwa sababu sikio halikuisikia herufi ya mwisho. Sauti ya “d” humezwa na “t” inayoifuata, kalamu isiimeze.

Wengine watasema kwamba maana hujulikana tu kwa mazungumzo. Ni kweli, maadamu wanaozungumza wako pamoja, na mmoja aweza kumwuliza mwenziwe. Lakini barua husomwa mwandishi akiwa mbali, na maelezo ya polisi husomwa mahakamani baada ya miezi mingi. Huko karatasi husema peke yake, wala haiwezi kuulizwa ilikusudia nini.

Basi kabla hujaandika wajibu wa jana kwa Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili: je, jambo lilitendeka, au halikutendeka? Ukipata jibu, chagua neno lako. Na mtu akikukemea kwa kuuliza kwa Kiswahili, mjibu kwa adabu kwamba asiyejua alichokusudia kusema hawezi kukisema sawasawa kwa lugha yoyote.