Kikosi cha Recce na tatizo la data inayochelewa

Kwa kawaida hapa tunaongea mambo ya kompyuta na programu. Leo nataka tuongee habari za makomando. Msiniondokee, mtaona vinavyohusiana.

Kenya tuna kikosi cha Recce, tawi la GSU lenye kambi yake Ruiru. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya upelelezi wa kijeshi: kwenda mbele, kuona adui yuko wapi, yuko na nini, halafu kurudisha habari. Lakini Mkenya akisikia Recce anafikiria mtu wa kuvunja mlango. Nadhani hapo ndipo tunapokosea.

Angalieni historia. Mwaka 1915 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza walikuwa na meli na mizinga, ila hawakujua imelala wapi hasa. Mwindaji Pieter Pretorius na wenzake Waafrika waliingia mikokoni, wakaiona na kuchunguza maji yanavyojaa na kupwa. Julai 11 manowari ikaangamizwa. Mizinga ilifanya kazi yake kwa sababu kuna mtu alitangulia kuona.

Sasa njooni Garissa, Aprili 2, 2015. Washambuliaji wanne waliingia chuo kikuu alfajiri. Recce walifika mji ule mchana kwa ndege, wakaingia bwenini jioni, na kazi ikaisha chini ya saa moja. Watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Kwa lugha yetu ya programu: kichakataji ni cha kasi ajabu, lakini data imekaa kwenye foleni siku nzima. Hakuna haja ya kununua kichakataji kingine. Rekebisha foleni!

Westgate, Septemba 2013, ugonjwa ulikuwa mwingine. Magazeti yaliripoti kwamba polisi na jeshi hawakuwa na mawasiliano ya pamoja, na kamanda wa Recce akauawa kwa risasi za wenzao. Hizo ni programu mbili zinazoandika kwenye faili moja bila kujuana. DusitD2, Januari 2019, tuliona mabadiliko: vikosi viliingia mapema na mamia wakaokolewa, ingawa watu 21 walipoteza maisha.

Na huku Kehancha je? Kuria tunajua wizi wa ng'ombe, na mpaka wa Tanzania uko hapo tu. Hatuhitaji Recce kila ng'ombe akipotea. Tunachohitaji ni kile ambacho jina la Recce linasema: macho. Wazee wetu walikuwa nacho. Ng'ombe akiibwa, vijana walifuata nyayo kabla umande haujakauka, na wizi ukizidi, iritongo likaitwa. Sungusungu walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya 1980 na baadaye kufika kwetu walitegemea hilo hilo: habari ya haraka kutoka kwa mtu aliye karibu.

Najua kuna atakayesema sungusungu walipiga watu na kuhukumu bila mahakama. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema raia alete habari, askari aliyefunzwa afanye kazi ya nguvu. Tusichanganye hizo mbili.

Maoni yangu basi: kabla serikali haijanunua bunduki na magari mengine ya deraya, iulize swali moja. Mchungaji wa hapa akiona wageni wenye silaha saa kumi usiku, habari yake inachukua dakika ngapi kumfikia mtu anayeweza kuamua? Kama jibu ni saa nane, makomando bora duniani watafika kuhesabu maiti.

Nyinyi mnasemaje? Hasa walio Isebania na Ntimaru, nasubiri maoni yenu.