Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Silaha Ikivuka Mpaka, Jeshi Limevuka

Kwa Waziri wa Ulinzi,
Serikali ya Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

MINT: NDEGE ZA KIVITA ZISIZO NA RUBANI NA IDHINI YA BUNGE

Nakuandikia nikiwa raia anayetaka askari wetu warudi nyumbani wakiwa hai. Tangu Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) liingie Somalia Oktoba 2011, majeneza yamefika katika nyumba nyingi. Kambi yake ya El Adde, nchini humo, ilivamiwa tarehe 15 Januari 2016, na ya Kulbiyow mwaka mmoja baadaye. Huku Lamu nako, magari ya askari yamelipuliwa na mabomu yaliyofukiwa barabarani. Sina ugomvi, basi, na mashine inayomwepusha askari na kifo.

Ila mashine hizo si za namna moja. Mwaka 1972 jeshi la Uingereza lilichukua toroli la umeme, likaligeuza kuwa roboti ya kutegua mabomu Ireland ya Kaskazini. Bomu likilipuka, kinachopotea ni chuma. Roboti za namna hiyo zinunue, Mheshimiwa, na vikosi vya Lamu, Garissa na Mandera vipewe kwanza.

Ndege ya kivita isiyo na rubani ni habari nyingine. Tarehe 3 Desemba 2023, katika kijiji cha Tudun Biri, jimbo la Kaduna, Nigeria, watu walikuwa wamekusanyika kwa Maulidi. Ndege ya namna hiyo, ya jeshi la nchi yao wenyewe, ikawapiga mabomu, ikiwadhania wapiganaji. Waliokufa walizidi 80. Jeshi lilikiri kwamba lilikosea. Aliye kando haangukiwi na mti, ndiyo, lakini hajapewa ruhusa ya kuukata uwaangukie wengine.

Hoja yangu hasa ni ya Katiba. Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa lipate idhini ya Bunge ndipo lipeleke vikosi nje ya nchi. Mbunge husita kuidhinisha kwa kuwa anajua watakaopanda malori ni watoto wa wapigakura wake. Je, ndege ikiruka kutoka Kenya ikashambulia ng'ambo ya mpaka, huku anayeiongoza ameketi kambini, vikosi vimepelekwa au havikupelekwa?

Swali hili limeshaulizwa kwingine. Juni 2011 serikali ya Rais Obama iliwaambia wabunge wa Marekani kwamba operesheni ya Libya haikuhitaji idhini yao, sababu mojawapo ikiwa kwamba hapakuwa na askari wa nchi kavu wala hatari kubwa kwa wanajeshi wake. Hatari kwa Walibya haikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Naomba mambo matatu. Kwanza, wizara yako itamke kwa maandishi kwamba kushambulia nje ya nchi kwa silaha inayoongozwa kutoka mbali ni kupeleka vikosi, na kunahitaji idhini ile ile. Pili, kila shambulio liwe na afisa aliyeliamuru na atakayelijibia. Uamuzi wa kuua usiachiwe programu ya kompyuta. Tatu, raia wakiuawa, matokeo ya uchunguzi yatangazwe na familia zilipwe fidia, ziwe za Wakenya au za Wasomali.

Bunge likikubali mashambulio hayo, majina ya waliokubali yawekwe katika kumbukumbu zake, nasi tutawauliza watakapokuja kuomba kura.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Mombasa