Mlango Uliogongwa Usiku

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari, 1977, askari wa Idi Amin waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, Namirembe, wakitafuta silaha. Hawakupata kitu. Tarehe 16 mwezi huo huo aliuawa; mkewe, Mama Mary, akabaki mjane mwenye watoto wa kulea.

Mke wa mchungaji hasimami mimbarini. Imani yake hupimwa mlangoni: mumewe huitwa, yeye hubaki akiomba na kuwatuliza watoto. Ndugu askari na polisi, wake zetu nao hubaki vivyo hivyo. Basi tukigonga mlango wa raia, sheria na itutangulie, mama aliye ndani asifanywe mjane na sare yetu.