SULUHU ISIYOWEZA KUKATALIWA SI SULUHU

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi katika gazeti letu nipate kusema na wanachama wenzangu, hasa makarani wa mabaraza na mahakama, na wale waliopewa kazi ya usuluhishi hapa Arusha na katika nchi ya Meru. Neno langu ni moja: kazi ya msuluhishi siku hizi yahesabiwa kama kazi ya kupunguza mafaili, na hesabu hiyo yaharibu haki za wanyonge.

Sababu zinazotolewa twazijua sote. Husemwa kwamba kesi ni nyingi, mahakimu ni wachache, na wagombanao wakipatana huepuka gharama na uadui. Hayo ni kweli, wala sina ugomvi nayo. Usuluhishi uliingizwa katika mashauri ya madai ya mahakama zetu mwaka 1994. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ikampa msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi siku 30 za kumaliza kazi yake. Tena tangu 2021 Baraza la Kata halihukumu shauri la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha tu, nalo limepewa siku 30, na mtu hafiki Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya pasipo kupita kwanza katani. Basi mlango huu si wa hiari tena. Mtu akilazimishwa kuingia, yampasa aliyemo ndani aangalie sana asimlazimishe na namna ya kutoka.

Wako wanaojibu kwamba hii ndiyo desturi yetu ya asili, maana wazee walipatanisha watu pasipo hakimu. Na waitazame desturi yenyewe. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza jinsi mashauri yalivyozungumzwa katika mikutano ya ukoo na ya rika hata pande zote zikubali. Walakini mtu hakwenda huko peke yake. Kila upande ulikuja na watu wake na wasemaji wake, na uzito wa neno ulitokana na hao. Wazee walijua jambo tunalolisahau sisi, kwamba mapatano hufuata nguvu za wapatanao. Leo mjane aja katani peke yake, akabili shemeji zake watatu. Dereva aliyefukuzwa kazi akabili tajiri mwenye wakili. Tukimwambia, “Kubali nusu, yaishe,” tumechukua umbo la desturi na kuacha roho yake.

Nchi ya Meru yenyewe ina ushuhuda mkubwa. Mwaka 1951 watu wa Ngare Nanyuki walihamishwa kwa nguvu ili ardhi yao wapewe masetla Wazungu. Walionyeshwa ardhi nyingine huko Kingori na kuahidiwa fidia. Wengi walikataa vyote viwili, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Hata hivyo hakuna awezaye kusema leo kwamba waliridhia. Fidia inayotolewa baada ya neno kukatwa haiwi mapatano, hata ikiandikwa kwa wino mzuri namna gani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Mjane asiyeambiwa neno hili kabla ya kuketi, akapokea robo ya kihamba cha marehemu mumewe na kushukuru, je, amesuluhishwa, au amenyang'anywa kwa adabu?

Najua nitaambiwa kwamba msuluhishi akimweleza mtu sheria atakuwa ameegemea upande. Sivyo. Na awaeleze wote wawili pamoja, kwa Kiswahili, ambacho sheria imekifanya lugha ya mahakama tangu 2021. Sheria ya nchi si siri ya upande mmoja, na anayeogopa isisomwe mbele ya mwenzake ametuonyesha kile anachokitaka.

Kwa hiyo naomba mambo manne, nayo hayahitaji fedha. Kwanza, kabla ya mazungumzo kila mtu aambiwe haki yake kwa sheria, na kwamba aweza kukataa bila kuadhibiwa. Pili, mapatano yasomwe kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya sahihi au dole gumba. Tatu, sheria ya mahakama za ardhi ya 2002 yataka wasuluhishi watatu katani, na mmoja wao angalau awe mwanamke. Karani asiandike kikao kisichotimiza hesabu hiyo. Nne, wakubwa wetu wasitupime kwa wingi wa suluhu tu, bali watazame pia ni nani aliyetoka na nini.

Ndugu makarani, msiseme kwamba hayo ni ya wakubwa. Hakimu akikosea, rufani iko. Lakini mahakamani amri iliyotokana na ridhaa ya pande zote mbili haikatiwi rufani. Kosa letu la asubuhi moja laweza kumkalia mtu mpaka kaburini, na watoto wake baada yake. Faili likifungwa upesi sisi twapata sifa, na yeye hukosa shamba. Anayesema kwamba biashara hiyo ni halali, na ajibu katika ukurasa huu huu.

Wasalaam,
Mwanachama, Arusha